Namna ya kutembea Tanga na Pangani kwa kufuata maji

Mgeni akinipigia simu kunieleza kwamba anakuja Tanga, swali langu la kwanza huwa ni tarehe ya mwezi. Simaanishi ya kalenda ya ukutani. Namaanisha mwezi wa angani: umeandama lini, na siku atakayofika utakuwa wa ngapi. Hoteli tutaitafuta baadaye.

Pwani yetu hii, kuanzia Horohoro mpakani na Kenya hadi Saadani, bahari yake hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita 3 na zaidi siku za bamvua, yaani siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, na sehemu kubwa ya chini ni tambarare. Ule ufuko uliouona pichani, maji yamepanda mpaka kwenye minazi, unaweza kuufikia ukakuta ni uwanja mtupu, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wako mbali kule wanatafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba. Asiyejua hununa, akaona kadanganywa. Anayejua huvaa viatu vya mpira akawafuata akina mama.

Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni. Mama yangu ni Mdigo, na babu mzaa baba aliletwa huku kutoka Kigoma kukata mkonge, enzi za manamba. Natembeza wageni, na wengi wao siku hizi ni ndugu zetu wa Dar, Nairobi na Mombasa. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kusoma maji

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo hapa kwetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa tele mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata sogeza mbele kwa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi 8 au mwezi 22, yaani siku ya 8 au ya 22 tangu mwezi uandame, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne, saa tano asubuhi na kupwa jioni, lakini hayaendi mbali wala hayapandi sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Basi ukitaka kisiwa cha Maziwe, miamba na samaki wake, lenga bamvua. Ukiwa na watoto na unataka waogelee asubuhi mjini, lenga maji mafu. Mwenye nafasi ya wiki nzima nampangia hivi: fika Tanga mwezi 10, wakati maji yanajaa karibu na adhuhuri, ukae mjini hadi mwezi 13. Mwezi 14 hamia Pangani, ukute bamvua lile pale.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei siyashauri kwa safari ya baharini. Mto Pangani unashusha udongo na maji yanakuwa ya hudhurungi. Juni hadi Agosti kuna upepo wa kusi, hewa ni ya baridi tamu, ila nje ya mwamba bahari inachafuka. Desemba hadi Februari ni upepo wa kaskazi na joto la kukata na shoka. Wakati ninaoupenda ni Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, kusi limepoa na kaskazi haijashika. Ukiinama ubavuni mwa chombo unaona mchanga wa chini na kivuli cha mashua kikitembea juu yake.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam mabasi yanaanzia kituo cha Magufuli, Mbezi, yanapita Chalinze na Segera, ni kama kilomita 350. Kutoka Mombasa ni Lunga Lunga na Horohoro, njia fupi na ya lami. Beba pasi yako na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Basi likisimama Muheza nunua machungwa, hata kama huna njaa. Utashuka Kange, nje kidogo ya mji, na hapo bajaji na bodaboda ni nyingi. Patana kabla ya kupanda.

Mjini kodi baiskeli. Tanga ni tambarare na ina barabara pana zenye vivuli, na tangu zamani ni mji wa baiskeli. Mitaa ya Ngamiani inahesabiwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, kwa hiyo hata mgeni hapotei.

Mji wa Mjerumani, na waliouvujia jasho

Anzia bustani ya Jamhuri, kwenye mnara wa saa unaotazama bandari, mapema kabla jua halijawa kali. Kutoka hapo unaona sababu ya kila kitu: ghuba iliyotulia, yenye kina, iliyokingwa na mawimbi. Ndiyo maana Wajerumani walianza hapa reli yao ya kwanza katika koloni hili mwaka 1893, wakaisukuma kidogo kidogo hadi Moshi mwaka 1911. Boma lao la zamani liko hatua chache, na ndani yake watu wa Urithi Tanga, wanaotunza historia ya mji, wana makumbusho madogo. Ingia. Picha zilizomo zinakuonyesha mji huu ukiwa na vichaka pale unapouona una majengo.

Ukitazama majengo, tazama kwa jicho la fundi. Gusa mahali lipu ilipobanduka. Utakuta jiwe la matumbawe, jepesi kuliko unavyolidhania, lenye vitundu na wakati mwingine alama ya nyota ya kiumbe kilichokuwa hai, na kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayohayo. Kisha inua macho kwenye dari. Nyumba ya Kiswahili ina boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na kwa sababu boriti ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Mjerumani alileta vyuma kwa meli, akaweza kutanua ukumbi. Lakini ukuta ni uleule, wa mafundi walewale. Mgeni akiniambia jengo fulani ni kazi ya Mjerumani, namrudisha kwenye jiwe.

Hospitali ya zamani ya Wajerumani, inayoitwa Cliff Block, iko ndani ya eneo la hospitali ya Bombo, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni jengo zuri na limechakaa kwa namna inayoniuma. Pale bado ni hospitali, kuna wagonjwa na jamaa zao, kwa hiyo omba ruhusa kwanza na usipige picha za watu.

Ukiendelea na barabara hiyohiyo unafika Raskazone. Leo ni mtaa wa nyumba kubwa, mahoteli na vilabu vya kuogelea, ambako unalipa kiingilio kidogo ukashuka ngazi hadi majini. Kabla hujashuka, simama chini ya mbuyu mmoja ukumbuke Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walileta hapa jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokuwa wamechoka kwa safari ndefu ya meli. Kabla ya kushusha watu, manowari iliingia kwanza bandarini kuutaka mji usalimu amri. Muda huo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliutumia kuleta askari kwa treni kutoka Moshi, kwa reli ileile. Alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Mapigano yalipochacha kwenye mashamba kati ya hapa na mji, mizinga ya nyuki ilitikiswa na risasi, nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli zao wakaondoka, wakiacha bunduki za kawaida, za rashasha na risasi zipatazo 600,000.

Wageni hupenda kisa cha nyuki wakacheka. Mimi huwapeleka makaburini mjini, wakaone mahali walipolala askari na Wahindi waliokufa kwa vita isiyowahusu. Dakika 20 zinatosha.

Jioni shuka Ngamiani. Kula bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Watu wa bara huuogopa kwa rangi yake, kisha huomba kuongezwa. Malizia kijiweni kwa kahawa chungu na kashata. Ukikaa kijiweni salimia wote, wazee uwape shikamoo yao, na usianze kuuliza maswali kabla kikombe cha pili. Asubuhi, kama unapenda samaki, nenda soko la Deep Sea wakati vyombo vinarudi.

Amboni na mkonge

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, kando ya njia ya Mombasa, kijiji cha Kiomoni. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu yako iwe na salio. Mapango ni kumi, wageni huingizwa moja, pamoja na mwongoza wageni na tochi. Vaa viatu vinavyoshika. Kuna mahali unapita ubavu ubavu. Utaambiwa njia moja hutokea Mombasa, nyingine Kilimanjaro. Ni hadithi tamu, na mwaka 1994 watafiti walipima wakakuta hakuna pango linalozidi mita 900. Utasimuliwa pia habari za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 na kujificha humu. Mzimuni, pale penye ubani, vitambaa na chupa za marashi, ni mahali pa watu kuombea. Usiguse kitu, usipige picha bila kuuliza, na ukikuta mtu anaomba, pita kimya.

Kando ya barabara za mkoa huu utaona mkonge, safu kwa safu hadi upeo wa macho. Dakta Richard Hindorf ndiye aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika huku hai, mwaka 1893, ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalipatikana mashamba yaliyomeza maisha ya maelfu ya watu kama babu yangu. Ukipata mwenyeji wa kukuombea ruhusa, ingia kwenye korona, kiwanda cha kusaga majani. Majani yanaingia upande mmoja yakiwa ya kijani na mazito, yanatokea upande wa pili yakiwa singa zinazodondosha maji, harufu yake kali kama ya kitu kilichochacha. Halafu nje unaziona zimeanikwa kwenye waya, nyeupe, uwanja mzima. Mimi nahesabu korona kuwa urithi wa ukoloni kuliko hata Boma, maana Boma walikaa wachache, na mkonge ndio uliotukusanya hapa Waha, Wanyamwezi, Wabena na Wamakonde tukawa watu wa Tanga.

Tongoni, njiani kwenda Pangani

Usiende Pangani moja kwa moja. Kilomita kama 17 kusini ya Tanga kata kushoto kuelekea baharini, Tongoni. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40 ya karne za 14 na 15, mengine ya nguzo, na hakuna mahali pengine pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo kwa pamoja kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye iliyobaki, tafuta vishimo vya duara, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Humo mlikuwa na mabakuli ya kaure kutoka China, yakachomolewa na wapitaji miaka iliyopita. Pitisha kidole ukingoni, chokaa bado imeshika umbo la bakuli, laini kabisa.

Pwani hii wakati huo iliitwa Mtangata. Vasco da Gama aliipita 1498, na aliporejea kutoka India Januari 1499, mabaharia wake wakiwa wamepukutika kwa maradhi, aliichoma meli yake moja, São Rafael, kwenye miamba ya jirani kwa kukosa watu wa kuiendesha. Hapo nawaambia wageni kwamba urithi wa pwani haukuanza na Mreno wala Mjerumani. Mreno alikuta misikiti ya mawe na watu wanaokulia kaure.

Mbele kidogo ni Kigombe, kijiji cha wavuvi chenye ufuko mzuri na malazi ya utulivu. Bahari yote hii ni hifadhi ya silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Huyo ni samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani alikwisha pamoja na madinosaria. Usitarajie kumwona, anakaa kina cha zaidi ya mita 100.

Pangani na Maziwe

Pangani ni mji mdogo wa mdomoni mwa mto, na unatembea wote kwa miguu asubuhi moja. Pita mtaa wa India uone roshani na milango ya nakshi, nenda hadi Boma lenye milango ya kuchongwa, jumba ambalo historia ya mji inasema lilijengwa 1810 na mfanyabiashara, kabla Mjerumani hajalifanya ofisi. Biashara iliyojenga majumba haya ilikuwa pembe za ndovu, sukari na watu. Semeni hivyo mbele ya watoto wenu, kwa lugha yao.

Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipandisha hapa bendera ya kampuni yake kwa nguvu, na mji ukawaka. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano yaliyoenea pwani nzima. Walimnyonga hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Huyo Zelewski ndiye yule aliyeitwa Nyundo, aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891. Watu wa Iringa nikiwatajia hilo hapa mtoni, sura zao hubadilika. Wamekuja kuogelea wakakutana na habari yao.

Alasiri, maji yanapojaa, kodi mtumbwi wa mashine upande mto. Ndege ni wengi, minazi inainamia maji, na mamba wapo kweli. Usiogelee mtoni hata kidogo, hata ukiona watoto wanachezea ukingoni.

Sasa Maziwe. Ni fungu la mchanga kusini mashariki ya Pangani, hifadhi tangu 1975. Zamani lilikuwa na miti, mivinje mirefu iliyoonekana kutoka nchi kavu, lakini bahari imeila, na leo maji yakijaa linazama lote. Kasa bado wanakuja kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo yasizame. Ukibahatika kuwapo siku vifaranga wanapotoka, kaa nyuma ya kamba, zima tochi ya simu na usimbebe hata mmoja. Lazima watambae wenyewe hadi majini.

Safari yake nahodha ndiye mwenye kauli. Jioni iliyotangulia nenda kamsalimie.

"Shikamoo baba. Maji ya kesho yakoje?"

"Marahaba mwanangu. Kesho mwezi 16. Saa nne na nusu fungu liko nje lote. Tuondoke saa mbili, tusiwahi wala tusichelewe."

Hapo patana bei, na uulize wazi kama ndani yake kuna ada ya hifadhi, miwani ya kuzamia, maboya ya kuvaa na chakula. Asiyekuwa na maboya ya kutosha abiria wote, muage kwa adabu utafute mwingine. Kisiwani hakuna kivuli hata cha kitambaa: beba maji ya kunywa, kofia na shati la mikono mirefu. Ukizamia usikanyage matumbawe. Uvuvi wa baruti uliivunja miamba mingi ya mkoa huu kwa miaka, na inayoota sasa ni michanga, inakatika kwa kisigino. Pia kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukiingia unyayoni siku yako imekwisha. Nahodha akisema tuondoke, ondokeni, hata kama mnaona mchanga bado ni mwingi. Maji yakianza kurudi pale hayana subira.

Usiku lala Ushongo badala ya mjini, kama mfuko unaruhusu. Unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha kama kilomita 15 kusini. Kwenye ufuko wa hoteli vaa nguo yako ya kuogelea. Ukiingia kijijini jifunge khanga au kikoi, mwanamke na mwanamume vilevile.

Anayetaka kuendelea kusini anaweza kushika njia ya Mkwaja hadi Saadani, kwa Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mpaka 1890, na leo ni hifadhi ya taifa ambako wanyama wanafika hadi ufukweni. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami, pamoja na daraja la hapa mtoni, kwa hiyo waulize madereva wa Bweni hali ya siku hiyo. Mvua ikiwa imenyesha na gari lako ni dogo, usibahatishe, udongo wa kule ni mweusi na unanasa. Rudi Tanga ushike lami ya Segera.